Mtumishi wa wanafunzi Unguja: je, ni halali kupumzika baharini ilhali ninaishi kwa sadaka za watu?

Mtumishi wa Tunguu aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shikamooni nyote mlionizidi umri.

Mimi ni dada wa miaka 27, mzaliwa wa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kisiwa cha Unguja, ambako ninahudumu miongoni mwa wanafunzi Wakristo wanaosoma katika vyuo vya Tunguu na Chukwani. Sina mwajiri anayenilipa mshahara. Ninaishi kwa michango ya ndugu, marafiki na washarika wa makanisa mawili ya nyumbani, ambao kila mwezi hunitumia kwa simu kile walichoahidi mbele za Mungu, nami kila mwezi huwaandikia barua ya taarifa na mahitaji ya maombi. Wengi wao si watu wenye nafasi. Ninawafahamu kwa majina, na ninajua ni nani aliyeuza debe la mahindi ili ahadi yake isilale.

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na siku hata moja ya kupumzika. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi jioni nilikuwa na vikundi vya kujifunza Biblia, Ijumaa baada ya chuo kutulia kwa ajili ya swala nilikuwa na wanafunzi waliohitaji ushauri, Jumamosi nilifundisha viongozi wa ushirika, na Jumapili, baada ya ibada mjini, nilitembelea wagonjwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao bado wanalia usiku kwa kukumbuka kwao. Nilijivunia ratiba hiyo. Kufikia Novemba nilikuwa ninasoma Neno kwa ajili ya kufundisha tu, na nikiomba nilikuwa nikisinzia kabla sijamaliza kutaja majina.

Mama mwenye nyumba wangu ni mjane Mwislamu, mzaliwa wa Jambiani, na ndugu zake wa kike ni wakulima wa mwani. Jumamosi moja ya Desemba alinigongea mlango asubuhi akaniambia, "Mwanangu, wewe kila siku unakwenda tu. Leo twende kwetu." Nilitaka kukataa, nikaona haya. Tulifika wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kuliko kawaida, na kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, hata tukatembea kwa miguu juu ya mchanga mgumu kuelekea kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjikia. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mistari ya vigingi wakifunga vitawi vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, kwa vidole vilivyozoea kiasi kwamba hawakuviangalia. Nilifunga nami, vibaya, wakanifungulia na kunionyesha upya. Maji yalipoanza kurudi, dada yake mama alinishika kichwa na mgongo katika kidimbwi kilichonifika kiunoni, nikiwa na dera langu na suruali ndani yake, akanifundisha kulala juu ya maji bila kuzama. Masikio yangu yalikuwa chini ya maji na sikusikia kitu ila pumzi yangu mwenyewe. Nililia, wapendwa, na sikuwa na huzuni yoyote. Nilimshukuru Mungu kwa maneno ambayo sikuyaandaa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kwa furaha hiyo niliweka picha moja katika barua yangu ya mwezi. Picha ilinionyesha nikiwa ndani ya maji, nikicheka. Haikupita siku mbili, mzee mmoja ninayemheshimu akanijibu kwamba wao wanajinyima ili Injili ifike visiwani, na hawajinyimi ili mimi nikaogelee. Hakuandika kwa matusi, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Tangu siku hiyo sijarudi baharini, na hata nikikaa barazani na majirani kwa nusu saa moyo unanishtaki kana kwamba ninakula fedha isiyo yangu.

Kuna jambo jingine linalonifunga. Baadhi ya wanafunzi wetu, bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, hupanda gari kwenda kwenye pati za ufukweni za usiku kule Kendwa na Paje, na nimewaonya wengine wao kwa machozi. Sasa ninajiuliza nitawaonyaje kuhusu ufukwe ikiwa nami ninaonekana ufukweni. Majirani zetu nao, ambao karibu wote ni Waislamu, huwaona watalii waliovaa vibaya na wengi wao huwahesabu kuwa Wakristo. Sitaki mwenendo wangu uongeze neno katika mashtaka hayo.

Ninaomba mnishauri kwa uwazi. Je, mtu anayeishi kwa sadaka ana haki ya kufurahi, na ikiwa anayo, ni kwa namna gani katika mahali kama hapa?

Mchangiaji wa Uyole alijibu:

Binti yangu, Bwana asifiwe sana. Mimi na wewe hatufahamiani, lakini mimi ni mmoja wa watu wa namna ya yule mzee. Ninalima viazi na mahindi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikimchangia kijana mmoja anayehudumu chuoni katika mkoa mwingine. Nitasema lililo moyoni mwa mchangiaji ili usiendelee kulibeba bila kulielewa.

Huku kwetu bahari hatuna. Mtu wa huku akisikia fulani yuko ufukweni, anachokiona ni hoteli, mtalii na fedha. Kupumzika kwetu ni kukaa chini ya mparachichi Jumapili alasiri na kula mahindi ya kuchoma, na hakuna mtu anayepigwa picha akifanya hivyo. Kwa hiyo picha yako ilisema neno ambalo hukulisema. Zaidi ya hayo, wazazi wa huku wanaiogopa bahari hiyo. Hatujasahau meli iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala ile ya Julai 2012 iliyotoka Dar es Salaam kuelekea Unguja, na mama yangu mzazi hadi leo akisikia mtu anavuka huanza kumwombea kabla hajaulizwa. Huenda hata ukali wa mzee wako ulichanganyika na hofu ya namna hiyo.

Lakini nilipoisoma ratiba yako nilisimama. Mimi ninalima kwa ng'ombe. Kila mkulima wa jembe la kukokotwa anajua kwamba ng'ombe hufungwa nira alfajiri na kufunguliwa kabla jua halijawa kali, na anayewalimisha mpaka mchana kwa kuwa shamba ni kubwa, msimu unaofuata hana ng'ombe. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inamtaja ng'ombe kwa jina, na punda, na mtumwa, na mgeni. Nimewapa ng'ombe wangu pumziko miaka yote hii, na sijawahi hata mara moja kumwuliza yule kijana ninayemchangia ni siku gani anapumzika. Nitamwuliza leo.

Ombi langu kwako ni moja. Usifiche. Andika katika barua yako, kama unavyoandika idadi ya wanafunzi waliohudhuria, kwamba siku fulani ya juma hufanyi kazi, na utueleze unaitumiaje. Mchangiaji hukasirika anapogundua jambo. Akiambiwa mapema, mara nyingi atakuombea.

Mwinjilisti wa Dodoma alijibu:

Dada mpendwa, ninakuheshimu kwa kazi yako na kwa machozi yako, lakini sitaki tukufariji kwa haraka. Mtume Paulo alikuwa na haki nyingi ambazo hakuzitumia. Aliwaandikia Wakorintho kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama kabisa. Wewe umeona kwamba jambo hili limemkwaza mzee mmoja na linaweza kuwakwaza wanafunzi, nao ndio uliotumwa kwao. Ufukwe wa Zanzibar ya leo si kidimbwi cha mama wakulima wa mwani peke yake. Ni mahali penye biashara ya pombe na ya miili ya vijana, na kijana dhaifu hataipambanua safari yako na yake. Pumzika nyumbani kwako, soma, lala, omba. Miaka ya ujana ni michache na vyuo vinajaa vijana wasiomjua Kristo.

Ninasema haya kwa upendo, na ninakuombea.

Mzaliwa wa Mbweni alijibu:

Mwanangu, karibu Unguja, hata kama umeshakaa mwaka mzima bila kukaribishwa. Na wewe kaka yangu wa Dodoma, nimekusoma kwa heshima, ila nitakupinga, kwa sababu kisiwa hiki ni kwetu na Ukristo wa kisiwa hiki ni wetu pia.

Mimi ni Mwanglikana, na kwa upande wa mama yangu ninatoka katika ukoo wa watu waliotekwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini wakiwa watoto na kulelewa na misheni. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1871 ili waliokombolewa wapate mahali pa kukaa, na miaka miwili baadaye soko la watumwa la Mkunazini likafungwa na palepale likaanza kujengwa Kanisa Kuu la Kristo, ambalo ibada yake ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Unaposali pale, kumbuka unasimama mahali ambapo binadamu walihesabiwa kwa nguvu ya mikono yao. Ndugu wa Uyole ametaja amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati, nami ninamwomba asome mstari unaofuata, ule wa 15, kwa sababu ndio unaotoa sababu: ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Bibi yangu alikuwa akiturudia mstari huo Jumapili mchana akiwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani, kitu ambacho hakukifanya siku nyingine yoyote. Alisema mama yake mzazi ndivyo alivyokuwa akikaa, na kwamba kukaa vile ndiko kulikomjulisha mama yake kwamba hana tena bwana ila Mungu. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba pumziko ni anasa ambayo mtumishi anapewa akibakiza fedha. Katika kanisa letu lilikuwa ni alama ya mtu huru.

Sasa kuhusu majirani. Wewe unaogopa kwamba wakikuona umekaa watakusema. Mwanangu, hapa watu humsema asiyekaa. Baada ya alasiri wanaume hutoka barazani, kahawa ikapita katika vikombe vidogo, wengine wakacheza bao, wengine dhumna, na kinamama wakakaa uani na ukili wao wa kusuka, na hapo ndipo inapojulikana nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani hajalipiwa ada. Mtu anayepita kila siku mbio mbio, mkoba begani, akisema "niko kazini", haonekani mchapakazi. Anaonekana mtu asiye na watu, au mtu mwenye jambo analolificha. Wewe ni Mkristo kutoka bara, na tayari wapo wanaojiuliza umefuata nini. Bi mkubwa wako alipokugongea mlango alikuwa anakutoa katika maswali hayo. Alikupeleka kwa ndugu zake wa tumbo moja! Wewe hujui uzito wa jambo hilo kwa mwanamke wa Jambiani, na ukikataa mara ya pili na ya tatu utakuwa umemrudishia heshima aliyokupa.

Kuhusu bahari yenyewe, ndugu yetu wa Dodoma amesema kweli kuhusu yanayofanyika usiku katika baadhi ya fukwe zetu, na sisi wenyeji, Waislamu kwa Wakristo, tunayalilia kuliko yeye. Lakini bahari haikuumbwa na wenye hoteli. Kinamama wa visiwa hivi wameingia majini tangu zamani, kwa nguo zao, asubuhi au jua likishapoa, kutafuta pweza na chaza, kuogesha watoto, kujinyoosha mgongo. Hakuna anayemtazama mwanamke aliyevaa dera akiwa na wenzake majini. Anayetazamwa ni yule aliyekwenda mahali asipojulikana, saa isiyojulikana, na watu wasiojulikana. Mwanafunzi wako anaweza kuipambanua safari ya mchana na bi mkubwa na safari ya usiku kwenda Kendwa, kwa sababu watoto wetu wa miaka saba wanaipambanua. Jambo la kuangalia ni Ramadhani. Mwezi huo usibebe chakula wala maji ya kunywa hadharani mchana, ufukweni wala kwingineko, na badala yake usikatae ukialikwa futari. Usiku wa Ramadhani mitaa huchangamka, na hapo utapata baraza ambazo miezi mingine huzipati.

Neno la mwisho kutoka kwangu, na nilipewa na mwalimu wangu wa katekisimu. Askofu Edward Steere, aliyeisimamia kazi ya kujenga kanisa la Mkunazini na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alichapisha pia, mwaka 1870, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Fikiria ni saa ngapi mtu anapaswa kukaa na kusikiliza habari za sungura na simba na wana wa wafalme mpaka zijae kitabu. Wapo ambao wangemwambia anapoteza wakati. Kiswahili cha Injili tunayoisoma kilianzia masikioni mwake, katika mikao ya namna hiyo.

Aliyehudumu Pemba alijibu:

Dada yangu, nimeguswa na ratiba yako kwa sababu ilikuwa ratiba yangu. Nilihudumu Pemba kwa miaka mitatu kabla ya kurudi bara, na sikurudi kwa kuwa muda wangu ulikwisha. Nilirudi kwa sababu siku moja, katikati ya kikundi cha wanafunzi saba, nilifungua kinywa kuomba na sikuwa na neno. Nilikaa kimya mpaka mmoja wao akasema amina kwa niaba yangu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuweza kusimama tena mbele ya watu. Wale saba walibaki bila mlezi, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya kazi ilikwenda katika matibabu yangu. Kaka wa Dodoma, ninakuomba uliweke jambo hilo katika mizani yako unaposema miaka ya ujana ni michache. Mimi niliitumia yote mitatu bila kubakiza kitu, na mwaka wa nne sikuwa na cha kutoa.

Ninakubaliana na karibu kila alichosema mama wa Mbweni. Hata hivyo ninataka kuongeza tahadhari moja ambayo nilijifunza kwa gharama. Nilipoanza kupata lawama kama yako, nilijitetea kwa kusema kwamba michezo yangu ni huduma. Nilicheza mpira wa mchangani na vijana wa mtaa, nikaandika katika taarifa kwamba ninajenga mahusiano. Nilikwenda baharini na wavuvi, nikaandika kwamba ninafungua milango. Wachangiaji walifurahi. Lakini kuanzia hapo sikuweza kupiga mpira bila kuhesabu nani nimezungumza naye, na rafiki yangu mmoja mvuvi, kijana mwema sana, siku moja aliniuliza kwa upole kama ningeendelea kuja kama ningejua kwamba yeye hatabadili dini yake. Nilichelewa kujibu, naye akaelewa. Nilikuwa nimeufanya urafiki wetu kuwa chambo, na pumziko langu nimeligeuza kuwa zamu nyingine ya kazi.

Kwa hiyo unapomwandikia mzee wako, usimwambie kwamba ulikwenda Jambiani ili kuwafikia kinamama wa mwani. Ukimwambia hivyo atatulia, lakini hutakuwa umesema kweli, na mwezi ujao utalazimika kutoa hesabu ya wangapi umewafikia. Mwambie kwamba ulikuwa umechoka, ukaalikwa, ukapumzika, ukamshukuru Mungu. Yesu aliwaambia wanafunzi wake waende faragha wakapumzike kidogo kwa sababu watu walikuwa wengi wakija na kuondoka hata nafasi ya kula haikuwapo. Marko haandiki sababu nyingine. Ni kweli kwamba mashua yao ilipofika walikuta umati umewatangulia, na pumziko likakatizwa, nawe utakatiziwa mara nyingi kwa simu ya mwanafunzi anayelia, na utakwenda. Lakini waliingia chomboni kwa nia ya kupumzika, na aliyewaambia waingie ni Bwana.

Katika utendaji, mimi ningechagua Jumamosi moja kwa moja na kuhamisha mafunzo ya viongozi, hata kama wanafunzi watanung'unika muhula wa kwanza. Jumapili ya mtumishi haina pumziko, tusidanganyane. Ijumaa nayo inashawishi kwa kuwa mchana wake umetulia, lakini kwa uzoefu wangu ndiyo saa ambayo wanafunzi Wakristo wana nafasi na wanakuhitaji zaidi. Simu iache kwa kiongozi mmoja wa wanafunzi atakayekupigia kwa jambo la dharura tu. Na jifunze kuogelea vizuri, kwa sababu unaishi kisiwani na utavuka mara nyingi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliandika:

Shikamooni. Mimi si mwanafunzi wa dada huyu, bali wa chuo kingine hapa hapa Unguja, na nilikwenda kwenye zile pati mara mbili nilipokuwa mwaka wa kwanza. Nitasema ukweli wangu. Sikwenda kwa kuwa nilimwona mtumishi ufukweni. Nilikwenda kwa sababu miezi mitatu nilikuwa sijacheka, na kila mkutano wa ushirika wetu ulikuwa wa kufundishwa au kukemewa, na hakuna Mkristo hata mmoja aliyewahi kuniambia twende tukatembee. Mwaka wa pili mlezi wetu alitupeleka Jozani kuwaona kima punju, tukala wali kwa pweza njiani, tukaimba kwenye gari, tukarudi kabla ya magharibi. Hakuhubiri siku ile. Usiku nilimwandikia ujumbe nikamweleza mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Mwinjilisti wa Dodoma alijibu tena:

Ndugu wa Pemba, pole sana, na asante kwa kusema. Sikuwa ninajua. Bado ninaamini kwamba mtumishi anapaswa kuwa tayari kuacha haki yake kwa ajili ya aliye dhaifu, lakini nimeona kwamba nilimdhania dhaifu kuwa ni mtu mmoja tu katika habari hii. Dada, nisamehe kwa haraka yangu.

Mtumishi wa Tunguu alijibu:

Baba yangu wa Uyole, mama yangu wa Mbweni, kaka zangu wote wawili, na wewe mdogo wangu wa mwaka wa tatu, Mungu awabariki. Nimewasoma usiku na nikawasoma tena asubuhi, na kaka wa Dodoma, sina kinyongo nawe hata kidogo, kwa maana uliyoandika ndiyo niliyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Nimempigia simu yule mzee badala ya kumwandikia. Nilimwambia kama nilivyoshauriwa, kwamba nilikuwa nimechoka na nikapumzika, na sikuongeza neno la huduma. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama maji yale ni ya kina. Nilipomwambia kwamba yalinifika kiunoni na kwamba nilishikwa na mwanamke aliyezaliwa palepale, alishusha pumzi nikaisikia. Baba wa Uyole, ulisema kweli kuhusu hofu. Hakusema kwamba amekubaliana nami. Alisema nimweleze ninapumzika siku gani ili naye siku hiyo asinipigie, na kwamba anataka kuifikiria habari ya ng'ombe, kwa sababu nilimsimulia.

Swali la mvuvi wa Pemba limenifuata siku nzima. Nimejiuliza kama ningerudi Jambiani hata kama kinamama wale hawatawahi kuniuliza neno kuhusu imani yangu, na kwa mara ya kwanza ninaweza kujibu bila kuchelewa kwamba ningerudi. Ninawapenda. Dada yake mama ananiita "mwanafunzi wangu wa kuelea", na mimi, niliyezoea kuitwa mwalimu na vijana wote wa ushirika, ninaona raha kuwa na mahali pamoja ambapo mimi ndiye ninayefundishwa.

Mafunzo ya viongozi nimeyahamishia Alhamisi, na wamenung'unika kama ilivyotabiriwa. Mwezi umeandama juzi, bamvua limeingia, na mama mwenye nyumba ameniambia keshokutwa Jumamosi maji yatakupwa vizuri na tuondoke na gari la kwanza. Barua ya mwezi huu nimeimaliza jana. Katika ukurasa wa pili, chini ya idadi ya vikundi na majina ya kuombewa, nimeandika kwamba Jumamosi sifanyi kazi, na nimeweka nafasi ya picha ya mikono ya mama huyo ikifunga mwani kwenye kamba, ambayo amenipa ruhusa kuipiga.